Ngoja Nikautafute Mzigo Wako

Mama Mapokezi hakuwahi kuagiza kitu chochote kwa simu, lakini karibu kila kilichoagizwa katika jengo lile kilipita mikononi mwake. Aliishi ghorofa ya chini, mlango wa kwanza kushoto ukishaingia, mahali ambapo mtu aliyebeba boksi zito huanza kutafuta sababu ya kutopanda ngazi. Jina lake halikutokana na mizigo. Alilipata nyuma ya kioo cha zahanati, alikokaa muda mrefu kuliko madaktari wote waliopita pale, akiwaambia watu wakae kwenye benchi wasubiri kuitwa. Siku aliyostaafu kioo kilibaki, benchi likabaki, ila jina alikwenda nalo nyumbani.

Wenzake walimpongeza kwa kustaafu. Yeye hakuona cha kupongezwa. Mumewe alifariki mwaka uleule aliorudisha funguo za ofisi, na binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali, safari ya usiku mzima kwa basi. Nyumbani wakabaki yeye, jokofu na saa ya ukutani. Jokofu angalau lilikuwa linanguruma.

Habari ya mizigo ilianza bila mtu kuipanga. Mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya pili alikuwa ameagiza viatu, na siku vilipoletwa alikuwa darasani. Mleta mizigo akagonga mlango wa kwanza aliouona. Huyu bwana jengo zima walimwita Helmeti, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Aliongea na helmeti, alikula na helmeti na, kwa jinsi watu walivyokadiria, alilala nayo.

"Shikamoo Mama. Naomba nikuachie mzigo wa mwalimu wa juu, jioni atapita kuuchukua."

"Marahaba. Weka hapo."

Jioni mwalimu alishuka mbio, na hapo Mama Mapokezi akagundua kuwa zahanati ilikuwa imemfundisha kitu: mtu anayesubiri cha kwake haondoki. Boksi lilikuwa nyuma ya pazia la mlangoni. Angenyoosha mkono tu. Badala yake alimkaribisha mwalimu kitini, akasema, "Ngoja nikautafute mzigo wako," akaingia jikoni, akainjika chai. Alipotoka na boksi chai ilikuwa tayari, na mtu aliyekwishakaa anakataaje chai. Mwalimu alikunywa vikombe viwili. Aliondoka akiwa amesimulia vituko vya mkuu wa shule, mguu wa mama yake unaovimba, na habari za viatu vyenyewe, ambavyo kesho yake vilionekana vidogo vikarudishwa.

Tangu siku hiyo ukawa utaratibu. Hakuna mzigo uliotoka mle ndani kabla mwenyewe hajakaa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kabati moja, na humo mzigo uliweza kutafutwa mpaka birika lichemke. Wote walijua, na wote walijitia hamnazo. Wengine walimsaidia kabisa. "Usihangaike, Mama, tafuta taratibu," walisema, huku wakiliangalia boksi lao limekaa juu ya kabati. Kwa kuwa kazi ni kazi, kila mzigo aliuandika ghorofa ya mwenyewe kwa kalamu nene nyeusi, Gh. 2, Gh. 3, kwa mwandiko uleule aliokuwa akiandikia mafaili ya wagonjwa. Jioni yake ilijaa watu, naye alikuwa na furaha. Hilo nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema.

Aliyegoma alikuwa mmoja tu, mzee wa ghorofa ya nne. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na jengo halikuona haja ya kumtafutia jina lingine. Mkaguzi alisimama kizingitini, mikono nyuma, miguu imeachana kidogo, kama vile sakafu ingeweza kuondoka wakati wowote.

"Mzigo wangu."

"Karibu ndani, mzee. Kaa kidogo, ngoja nikautafute."

"Sikai."

Basi Mama Mapokezi aliutafuta upesi, maana kutafuta kitu unachojua kilipo huku mtu amekukodolea macho hakuna raha. Mizigo ya Mkaguzi ilikuwa midogo, inayocheza ukiitikisa, na ililetwa kila wiki. Aliipokea, akasema asante, akapanda zake ngazi. Mama Mapokezi alimhesabu kuwa mtu mkavu, na alimwambia binti yake hivyo kwenye simu.

Binti alipiga simu kila jioni. Alikuwa mtoto mwema mwenye jambo moja kichwani, na jambo hilo lilikuwa chumba. Kwake kulikuwa na chumba kitupu, chenye kitanda na godoro jipya ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni yake.

"Mama, njoo ukae na sisi. Huko uko peke yako."

"Peke yangu vipi? Leo wamepita watu wanne. Mwalimu karudisha viatu tena."

Binti alikuwa na hoja, ila mama yake alikuwa na mizigo.

Halafu kampuni ya mizigo ikaboresha huduma.

Ilianza kwa meseji. Mpendwa mteja, mzigo wako utakufikia kati ya saa nne na saa sita. Tafadhali uwepo. Kwa usalama wako, mzigo hautaachwa kwa jirani. Chini yake iliwekwa namba ya siri ambayo mteja alipaswa kumtajia mleta mzigo, na mleta mzigo kuiingiza kwenye simu yake, la sivyo boksi lilirudi lilikotoka. Helmeti alikuja mwenyewe kumweleza Mama Mapokezi, amesimama mlangoni anavuta vuta mkanda wa kidevuni.

"Mimi niliwaambia, Mama. Niliwaambia pale kuna mama mmoja hajawahi kupoteza hata bahasha. Wakasema jirani si mteja."

"Jirani ni nani, basi?"

"Hilo hawakusema."

Wapangaji mwanzoni walifurahi. Kupangiwa saa za kupokea mzigo kulimpa mtu heshima fulani, kama ana miadi na mkubwa. Mwalimu aliomba ruhusa kazini akasimama dirishani tangu saa nne. Alilitazama lango bila kupepesa, na saa sita kasoro akiwa bado analitazama alipata meseji: tulifika, hukuwepo. Familia ya ghorofa ya tatu waliwekeana zamu ya kuoga. Mwenye nyumba hiyo, zamu yake ilipofika, alioga mlango wa bafu ukiwa wazi, akapata homa ya mafua, na mzigo ukaletwa siku iliyofuata. Zaidi ya hapo zilikuwepo meseji za kubadilisha muda, ambazo nazo zilibadilishwa. Watu waliokuwa wakikutana ngazini na kuulizana za nyumbani sasa waliulizana, "Umefikiwa?" na jibu lilikuwa kutikisa kichwa.

Mngedhani walirudi kwa Mama Mapokezi. Wangerudi vipi? Hakuwa na chochote chao. Helmeti alipita mlangoni pake na maboksi begani, akamwamkia bila kumtazama, kama mtu aliyehamia duka lingine. Wapangaji walimwahidi kuja kumsalimia, na walimaanisha. Ila mtu asiye na kilichomleta haji, na si kwa ubaya. Anarudi kazini amechoka, anafika kwenye ngazi, anajiambia kesho.

Mama Mapokezi aliendelea kuinjika birika zima kila jioni kwa mazoea. Alikunywa yote peke yake, akakosa usingizi. Alikuwa mpweke, na upweke ulimuuma waziwazi, mahali fulani chini ya mbavu, kiasi kwamba siku moja alijipima presha. Presha ilikuwa nzuri.

Aliyeendelea kufika alikuwa yule mmoja asiyekaa. Jioni moja Mkaguzi alisimama kizingitini, mikono nyuma.

"Mzigo wangu upo?"

"Siku hizi siachiwi mizigo, mzee. Wanakuletea mwenyewe hukohuko juu."

"Najua."

Akabaki amesimama kidogo.

"Nilidhani labda upo," alisema, akaondoka.

Wiki iliyofuata akaja tena, akauliza lilelile, akajibiwa vilevile. Mama Mapokezi alimsikitikia. Alijua dalili za kumbukumbu kuanza kupotea, alikuwa ameziona sana zahanati, na alijiambia kuwa siku moja atamshauri mzee yule akapime.

Binti naye aliendelea kupiga.

"Leo nani kapita?"

Mama Mapokezi hakuwa na mazoea ya uongo. Zahanati alikuwa akisema daktari anakuja sasa hivi, lakini ile ilikuwa kazi.

"Kapita Mkaguzi."

"Aliingia ndani?"

"Hapana."

"Na jana?"

Jokofu lilinguruma, na binti akalisikia mpaka kule aliko.

"Mama, Jumamosi nakuja. Napanda basi la usiku, asubuhi niko hapo. Nitakaa kwako kutwa nzima, na nitasikiliza. Mlango wako usipogongwa hata na mtu mmoja, tunafunga vitu, unakuja na mimi. Nakuja na maboksi kabisa."

"Na ukigongwa?"

"Ukigongwa nafunga mdomo. Habari ya chumba hutaisikia tena kwangu."

"Hata na mtu mmoja?"

"Hata na mmoja."

Mama Mapokezi alikubali, kwa sababu yalikuwa makubaliano ya haki, na akalala vibaya kwa sababu hakuwa na huyo mmoja wa kumtegemea. Alimpenda binti yake, na godoro hakuwa na ugomvi nalo. Lakini alijua angekuwa nani kule. Angekaa sebuleni kwa watu, akisubiri wenyeji warudi, akiulizwa kama ameshakula. Alikuwa ametazamana na watu wa benchi miaka yote ile na hakutaka kuwa mmoja wao. Alitaka kuzeeka akiwa yule anayefungua mlango.

Kesho yake alipanda kwa mwalimu.

"Mwanangu, nataka kuagiza kitu."

Mwalimu akatoa simu. "Kitu gani, Mama?"

"Chochote, mradi kiletwe Jumamosi."

Walipekua pamoja. Mwalimu alimwonyesha mapazia, pasi, sufuria zisizoshika chakula. Mama Mapokezi alivitazama vyote kwa adabu. Walipofika kwenye kengele ya mlango, ya betri, yenye sauti za kuchagua, akaweka kidole.

"Hiyo."

"Mama, kiti chako na mlango wako vinakaribiana kushikana. Kengele ya nini?"

"Hiyo hiyo."

Hakujiona anafanya ujanja. Makubaliano yalisema mlango ugongwe. Hayakusema agonge nani, wala analeta nini.

Meseji ilikuja bila kuchelewa: Jumamosi, kati ya saa nne na saa sita, na namba ya siri chini yake. Mama Mapokezi hakuwahi kukiamini kichwa chake kwenye namba. Alichukua kipande cha boksi, akaiandika namba ile kwa kalamu nene, tarakimu kubwa za kuonekana kutoka langoni, akakitundika mlangoni kwa nje ili yeye na Helmeti wote waione. Mwalimu alipokuwa anapanda jioni alisimama, akakisoma.

"Mama, hii ni namba ya siri."

"Ndiyo. Nimeandika hapo juu, namba ya siri."

Mwalimu alifikiria kuendelea na somo hilo, akaona ni mwisho wa wiki.

Jumamosi Mama Mapokezi alifagia, akavaa gauni lake la kazini lenye mifuko, akakisogeza kiti nyuma ya mlango, simu mapajani. Basi la binti lilikuwa njiani. Kama Helmeti angefika mapema angegonga kabla binti hajaingia, na kugongwa bila shahidi ni sawa na kutogongwa. Kama angechelewa, nani ajuaye. Alikuwa katika hesabu hizo simu ilipolia: muda wako umebadilika, mzigo utakufikia kati ya saa nane na saa kumi.

Akashusha pumzi. Saa nane binti atakuwa ameshafika, ameshakula, amekaa pale sofani anasikiliza. Kwa mara ya kwanza aliona huduma imeboreshwa kweli.

Hapo hapo mwalimu akaja anahema, begi begani, kalamu mkononi.

"Mama, nisaidie. Nasimamia mtihani na mzigo wangu unakuja saa hizi. Wamesema hauachwi kwa jirani. Lakini hawajasema jirani asikae ndani kwangu akaupokea. Ufunguo huu, namba hii."

Mama Mapokezi aliipitia hoja hiyo kutoka kila upande na hakuona kasoro. Zaidi ya hapo, ulikuwa umepita muda tangu mtu amwombe kitu. Binti alikuwa na ufunguo wake wa akiba, akifika angeingia mwenyewe. Alisimama, akaiacha simu juu ya kiti, akapanda.

Kukaa nyuma ya mlango wa mtu mwingine ni jambo geni. Viti vya mwalimu vilikuwa vya chini, na ukutani kulikuwa na picha za watu asiowajua wakimtazama kama wanauliza zamu yao lini. Alikaa wima, mikono kwenye mifuko ya gauni. Kule chini akasikia mlango unagongwa. Akajiambia ni kwa watu wengine, kwake ni saa nane. Ukagongwa tena, mara hii kwa nguvu, kukawa na sauti ya mwanamume, kisha ya mwanamke, kisha nyayo, kisha kimya. Alitamani kwenda kuchungulia. Lakini alikuwa kazini, na mtu wa mapokezi hainuki kitini wakati wa kazi.

Baadaye ngazi zikapigwa na viatu vizito na Helmeti akatokea mlangoni na boksi la viatu. Alipomwona aliyefungua, alisimama.

"Mama. Wewe uko huku?"

"Nampokelea mwalimu. Namba yake hii hapa."

"Nimekugongea kule chini mpaka vidole vimeniuma."

"Meseji imesema saa nane."

"Mashine imesema saa nane. Mimi nimekuta barabara nyeupe, nikaja."

Mama Mapokezi alishika fremu ya mlango. "Umeurudisha?"

"Niurudishe mzigo wako wewe?" Helmeti aliliuliza hilo taratibu, kama linahitaji tafsiri. "Nimemwachia mzee wa ghorofa ya nne, alikuwa anashuka. Namba nimeisoma mlangoni."

"Si hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi," Helmeti alikubali. Aliingiza namba ya mwalimu kwenye simu yake, akageuka kuondoka, akakumbuka jambo. "Kuna dada pia alikuwa anagonga kwako. Ana maboksi matupu. Alikuwa kama anataka kulia."

Mama Mapokezi alishuka ngazi upesi kuliko ilivyofaa kwa magoti yake. Mlangoni pake hapakuwa na mtu. Kipande cha boksi chenye namba ya siri kilikuwa kinaning'inia, na chini yake maboksi makubwa yaliyokunjwa yameegemezwa ukutani, yamefungwa kamba vizuri, kwa mkono alioufundisha yeye mwenyewe kufunga. Ndani, simu ilikuwa juu ya kiti ikiwa na safu ya simu za binti ambazo hazikupokelewa. Kumbe ufunguo wa akiba ulikuwa umesahauliwa mji wa mbali.

Akaketi. Binti alikuwa amekuja kuona kama kuna anayegonga, akakuta hakuna hata anayefungua. Hakuona pa kujitetea. Aliitazama saa ya ukutani na kuwaza ingekaa wapi kule kwa watu, ukutani juu ya godoro jipya au upande wa pili, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mfuko wa gauni. Alipiga simu ya binti ikaita bila kupokelewa. Halafu akawaza kwamba aliyeonana na binti ngazini ni Mkaguzi, na Mkaguzi, hata kama kumbukumbu zake ni haba, huenda anakumbuka jambo la asubuhi hii.

Ghorofa ya nne hakuwahi kufika. Miaka yote watu ndio walioshuka kwake, na hakuna siku aliyofikiria kwamba ngazi hizo hupandwa pia. Alipumzika ya pili, akapumzika ya tatu. Juu kabisa palikuwa na mlango uliosuguliwa safi, na mbele yake, kwenye sakafu, kitambaa cha kupangusia miguu ambacho hakikuonyesha kuwa kuna mgeni aliyewahi kujipangusia. Akabisha hodi.

"Karibu, mlango uko wazi," ilijibu sauti. Ilikuwa ya binti yake.

Binti alikuwa amekaa kitini, viatu amevua, kikombe mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mama. Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nilikuwa nampokelea mwalimu mzigo."

"Ndivyo nilivyoambiwa." Binti alikunywa kidogo. "Niligonga, Mama, hukufungua. Nikapiga simu nikaisikia inalia ndani. Nilijua umefia humo. Nilianza kumwambia yule mwenye helmeti avunje mlango, huyu mzee akashuka akapewa mzigo, na yule alipotoka kufuata mizigo mingine mzee akasema huyu mama yuko kazini ghorofa ya pili kwa mwalimu, nimemwona anapanda na ufunguo, njoo usubiri kwangu, mzigo wake ninao mimi nitampa. Nikamwambia basi nipe mimi nimpelekee. Akasema kaa, ngoja nikautafute."

"Lini hiyo?"

"Hiki ni kikombe cha tatu."

Mama Mapokezi alitazama chini ya meza. Boksi la kengele lilikuwa pale, karibu na miguu ya binti, na maandishi ya kampuni yametazama juu. Aliinua macho. Ukutani palikuwa na rafu ndefu, na kwenye rafu vifurushi vidogo vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja kimeandikwa Gh. 4 kwa kalamu nene nyeusi.

"Ule si mwandiko wako?" binti aliuliza. "Nimeutazama tangu nimekaa. Hajafungua hata kimoja."

Mkaguzi akatoka chumbani, mikono mitupu. Alimwona Mama Mapokezi, akasimama kama kawaida yake, miguu imeachana.

"Mzee," Mama Mapokezi alisema, "vifurushi vyako mbona hukufungua?"

"Ni misumari."

"Vyote?"

"Kimoja ni bawaba."

"Misumari yote hiyo ya nini?"

Mkaguzi aliiangalia rafu kana kwamba naye ndiyo kwanza anaiona.

"Ya kuletewa," alisema.

Hapakuwa na la kuongeza. Mama Mapokezi alikumbuka zile jioni mbili za mzigo wangu upo, na ule ushauri wake wa kwenda kupima, na akaona haya, haya ya kweli iliyompanda mpaka masikioni.

"Na kiti mbona ulikuwa unakikataa? Kila siku nakukaribisha."

"Mkaguzi hakai. Akikaa, abiria wanajua safari imefika mwisho."

Binti alikitua kikombe. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya hesabu na haipendi inakokwenda.

"Tulisema mlango ukigongwa hata na mtu mmoja," alisema.

"Tulisema," mama yake akajibu.

"Umegongwa na yule wa helmeti. Umegongwa na mimi. Halafu hukuwepo, kwa sababu watu wanakuhitaji huko kwingine." "Nilitaka sana uje, Mama. Godoro nililichagua mwenyewe."

"Najua, mwanangu. Nitakuja kulilalia. Nitakuja kutembea."

"Kutembea."

"Wiki nzima, ukipenda."

Binti alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Na yale maboksi niliyoyabeba usiku kucha?"

"Mpe mwalimu. Vile viatu vitarudishwa."

Mkaguzi alikohoa.

"Mzigo wako bado sijauona, Mama," alisema. "Nimetafuta chumbani. Labda uko jikoni." Alitaja jikoni bila kugeuza uso, huku kisigino cha binti kikiwa juu ya boksi lenyewe.

Mama Mapokezi alivuta kiti, akakaa, akanyoosha magoti yake yaliyopanda ngazi zote zile.

"Usihangaike, mzee," alisema. "Tafuta taratibu."

Mzee aliingia jikoni, na kwa muda mrefu walisikia birika tu. Alirudi na kikombe kimoja kwa mgeni wake na kingine chake mwenyewe. Akavitua mezani, akavuta kiti cha tatu, akakitazama kidogo, akakaa.